Mapenzi ya dini mbili: yale ambayo muvi haikwambii kuhusu bomani, shehe, padri na mirathi

Juzi usiku pale nyumbani Makorora tulikaa na watoto wa dada yangu tukaangalia Bombay, ile muvi ya Kihindi ya Mani Ratnam ya mwaka 1995, wengi mnaijua maana sisi watu wa Tanga muvi za Kihindi tumekua nazo, na kwa asiyeijua ni hivi: kijana wa Kihindu, Shekhar, anarudi kijijini kwao anamuona binti wa Kiislamu, Shaila Banu, upepo unapeperusha baibui usoni, basi, kijana kwisha habari yake. Wazee wa pande zote wanakataa katakata, vijana wanatorokea Bombay wanaoana huko, wanazaa mapacha wanawaita Kabir Narayan na Kamal Bashir, yaani kila mtoto kabeba jina la babu yake mmoja, halafu zinakuja zile ghasia za kweli za Desemba 1992 na Januari 1993 baada ya msikiti wa Babri kubomolewa kule Ayodhya, mji unawaka moto.

Ilipoisha, mtoto wa pili wa dada akaniuliza, mama mdogo, hivi wale wangekuwa wa hapa kwetu wangeoana kweli? Hapo ndo ubishi ukaanza. Mmoja akasema haiwezekani, Mwislamu na asiye Mwislamu ndoa hakuna. Mwingine akasema bomani wanafungisha ndoa ya mtu yeyote na yeyote na ukishatoka pale hakuna wa kukugusa. Kaka yao akamaliza kwa kusema hata bomani msiende, mkikaa pamoja miezi sita tayari ni mume na mke kisheria. Nikawaangalia wote watatu, watoto wakubwa hawa, wamesoma, na kila mmoja kashika kipande tu cha ukweli. Nikaona niandike, maana najua sio wao peke yao.

Tatizo ni kwamba muvi za namna hii zina swali moja tu, je wazee watakubali? Ukitoka hapo unadhani wazee wakikubali yamekwisha. Kumbe pale kuna milango minne, wa wazee, wa serikali, wa dini na wa mirathi, na kila mmoja una ufunguo wake, ufunguo wa mlango mmoja haufungui mwingine hata kidogo.

Nianze na hili la kabila na dini maana watu wanayaweka kapu moja. Kwetu Tanga haya mambo mawili hayaendi pamoja kabisa. Chukua Wabondei wa Muheza: Waanglikana walifika Magila tangu karne ya 19 ile misheni ya UMCA, na Uislamu nao ukapanda kutoka pwani, kwa hiyo utakuta familia moja ya Kibondei, baba mmoja mama mmoja, kaka anaitwa Yohana na dada anaitwa Mwanaidi, Krismasi wanapika wote na Idi wanapika wote. Hapo kabila moja, dini mbili. Kwa Wasambaa ni hivyo hivyo, Lushoto kuna Walutheri na kuna Waislamu ndani ya ukoo mmoja. Halafu geuza upande wa pili. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche iliyopona ilikuwa 62 tu, na kutoka kwenye hiyo miche 62 yakaja mashamba yaliyovuta watu kutoka kila kona, Waha wa Kigoma, Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde, ndo wale walioitwa manamba, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda kabisa ofisi ya kutafuta vibarua wakiiita SILABU. Wajukuu wa manamba wako Pongwe, wako Ngomeni, wako Amboni, wameoa Wadigo na Wazigua na wengi wamesilimu zamani sana, hapo kabila mbalimbali, dini moja. Ndo maana kwa hapa kwetu Mdigo kumuoa Mha sio habari ya kutengenezea muvi, watu watakula ubwabwa waende zao.

Na usiniulize ni ndoa ngapi za dini mbili zipo nchini, maana sensa yetu haiulizi dini wala kabila, mara ya mwisho kuuliza ilikuwa 1967.

Mstari ambao bado ni mgumu ni ule wa rangi na jamaati, yaani jumuiya ya watu wa dhehebu moja. Hapa mjini kuna Mabohora, kuna Ithnaasheri, kuna Ismailia, hawa wote ni Waislamu, kuna na Wahindu. Sasa kijana wa Kisegeju, Mwislamu wa kuswali swala tano, akimpenda binti wa Kibohora hapo dini kwa jina ni moja lakini jamaati ina taratibu zake, ina msikiti wake, ina shule zake, na binti akiolewa nje anaweza kujikuta amepoteza watu wote aliokua nao. Kwa hiyo anayesema "si wote Waislamu, tatizo liko wapi" hajalielewa jambo. Hii ndo sababu hadithi ya Vuta N'Kuvute ya Adam Shafi inawagusa watu wa pwani mpaka leo, na ile filamu yake aliyoiongoza Amil Shivji ya 2021, ile iliyoonyeshwa kwenye tamasha la Toronto: Yasmin binti wa Kihindi kaozwa mwanaume mtu mzima, anatoroka, anakutana na Denge, Mwafrika mpigania uhuru, Zanzibar ya miaka ya 1950. Pale kinachowatenganisha ni rangi, tabaka na siasa ya mkoloni kuliko Kurani. Ukiangalia na Mississippi Masala ya Mira Nair ya 1991 ni hivyo hivyo, familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wamefika Marekani, binti yao Mina anampenda Demetrius, kijana mweusi wa huko, na baba mtu ambaye mwenyewe anaililia Afrika kila siku anashindwa kumkubali. Hiyo muvi inaishia vijana wanaondoka pamoja. Ndoa hatuioni, watoto hatuwaoni, kifo cha mzee hatukioni. Nimeipenda sana ile muvi lakini nikiitazama kama shangazi wa watu, naona imekatwa pale kazi inapoanza.

Sasa mlango wa serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndo inayotawala ndoa zote Tanzania Bara, iwe ya msikitini, ya kanisani, ya kimila au ya bomani, sio kwamba kila dini ina sheria yake ya serikali. Kwenye sheria hiyo kuna orodha ya vitu vinavyozuia ndoa: umri, undugu wa karibu, mmoja kuwa tayari kwenye ndoa ya mke mmoja, mmoja kutokubali kwa hiari yake. Soma orodha yote, tofauti ya dini haimo, tofauti ya kabila haimo. Kwa hiyo yule mtoto aliyesema haiwezekani, kwa serikali inawezekana, Mkristo na Mwislamu, Mwislamu na Mhindu, mwanamke awe upande wowote. Hata mahari ikikosekana ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo peke yake, sheria imesema wazi.

Utaratibu wenyewe ni kwamba mnapeleka taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, inatangazwa, na hapo mtu mwenye pingamizi anaruhusiwa kulileta. Watu wengi wanaogopa hapa, wanasema baba akija kupinga imekwisha. Baba anaweza kuja, ndio, lakini pingamizi linatakiwa liwe kwenye mambo yanayotajwa na sheria, akisema "mimi simtaki kwa sababu ni Mkristo" au "kwa sababu ni mtu wa bara" hilo sio pingamizi la kisheria mkiwa wote mna miaka 18 na kuendelea. India nao wana sheria yao maalumu ya ndoa za namna hii tangu 1954, tangazo lao linakaa siku 30, na huko watu wameteseka sana na hizo siku maana ndo muda ambao ndugu wanapata habari wanakuja kuvuruga, kwa hiyo msichukulie siku 21 kama kitu cha kupita tu, ni muda wa kujiandaa. Siku ikifika mnahitaji mashahidi wawili angalau, mnafungishwa, mnapewa cheti na usajili wenyewe uko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili.

Na umri niuseme haraka kwa kuwa muvi zinapenda mabinti wadogo wadogo: ile sheria ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019. Binti wa miaka 15 mwenye mapenzi makubwa arudi shule, basi.

Kuna jambo moja la bomani ambalo hata watu wazima hawalijui. Sheria inachukulia kwamba ndoa iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu au za kimila ni ya wake wengi au inaweza kuja kuwa ya wake wengi, na ndoa nyingine zote zinachukuliwa ni za mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo binti wa Kikristo anayefungishwa ndoa na shehe ajue ameingia aina gani ya ndoa, asije akashangaa miaka kumi baadaye akaambiwa kuna mwenzio Korogwe. Na mkitaka kuibadili aina ya ndoa ni lazima wote wawili mtoe tamko kwa hiari yenu mbele ya jaji au hakimu, mmoja hawezi kuibadili peke yake kwa sababu tu amebadili dini.

Ya miezi sita sasa. Hii sijui nani aliianzisha, iko kila kijiwe kuanzia Duga mpaka Chumbageni. Sheria inasema miaka 2 au zaidi, na wala haisemi mkifikisha mmekuwa mume na mke tayari, inasema itadhaniwa hivyo ikiwa mmeishi kwa namna ambayo watu wanaowazunguka wanawajua kama mume na mke, na hiyo dhana inaweza kupingwa mahakamani, mtu akaleta ushahidi kwamba huyu alikuwa tayari na ndoa nyingine ya mke mmoja, ikaanguka. Ikianguka mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, lakini ujue unakwenda kuomba, hudai ukiwa na cheti mkononi. Vijana wa dini mbili wengi wanaangukia hapa, wanasema tutaoana wazee wakilainika, wanakaa mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba, na cheti hakuna.

Mlango wa dini ndo unaohitaji utulivu, maana hapa sheria ya serikali haisaidii kitu. Kwa Waislamu kuna tofauti kati ya mwanaume na mwanamke. Mwanaume wa Kiislamu ameruhusiwa kumuoa mwanamke wa watu wa Kitabu, yaani Mkristo au Myahudi, akabaki na dini yake, iko kwenye Suratul Maida aya ya 5. Mwanamke wa Kiislamu haruhusiwi kuolewa na asiye Mwislamu, ndivyo mashehe wetu wanavyofundisha na wanatumia Suratul Baqara aya ya 221. Sasa rudi kwenye ile muvi, Shekhar ni Mhindu na Shaila ni Mwislamu, yaani upande ule ule uliofungwa, na Uhindu wala haumo kwenye watu wa Kitabu, kwa hiyo baba yake Shaila unayemuona anapiga kelele sio mkorofi tu, anasimama juu ya kitu anachokiamini mpaka kwenye mifupa. Tena kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndo yetu pwani hii, walii, yaani baba au ndugu wa kiume anayemuozesha binti, ni nguzo ya ndoa, bila walii hakuna ndoa ya Kiislamu, kwa hiyo binti akitoroka hata kama mume ni Mwislamu bado kuna swali la nani kamuozesha.

Kwa Wakatoliki wanaiita ndoa mseto, na nako kuna ngazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Mkatoliki na Mlutheri, wote wamebatizwa, wanahitaji ruhusa. Mkatoliki na Mwislamu, mmoja hajabatizwa, hicho ni kizuizi kabisa kwa sheria za Kanisa na bila askofu kukiondoa ndoa sio halali mbele ya Kanisa, lakini akikiondoa ndoa inafungwa vizuri tu na Mwislamu anabaki Mwislamu. Mkatoliki anaahidi kwamba atafanya kila awezalo watoto wabatizwe, na mwenzake anaambiwa habari ya hiyo ahadi, haahidi yeye. Zamani waliahidi wote wawili, ikabadilishwa 1970 na Papa Paulo wa Sita. Nimekutana na watu wazima kabisa walioachana na wachumba wao kwa kuamini kwamba padri atawakataa, na kumuuliza padri mwenyewe hawakwenda. Inaniuma sana hiyo. Nenda kaulize, Anglikana wana utaratibu wao, Walutheri wa KKKT wana wao, kila mlango una mtu wa kumuuliza.

Njia rahisi ambayo wengi wanaikimbilia ni mmoja kubadili dini. Katiba ya 1977 ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa dini yake na wa kuibadili, sina la kupinga hapo, na nimeona waliosilimu kwa ajili ya ndoa wakaja kuwa Waislamu wazuri kuliko waliozaliwa nao, na waliobatizwa kwa ajili ya ndoa leo ni wazee wa kanisa. Ila nimeona pia binti anabadili jina Ijumaa ndoa inafungwa Jumapili na hajui hata kutawadha, hakuna aliyekaa naye akamfundisha, halafu mume akifariki ndugu wanaulizana alikuwa Mwislamu kweli huyu? Kama unabadili, badili kwa sababu umeamini, na upewe muda.

Kuhusu watoto, ile ya mapacha wa Bombay kubeba majina ya mababu wote wawili ni kitu tunachokijua hapa. Shaaban Robert mwenyewe, mtoto wa Vibambani hapo karibu na Machui, Mwislamu mwenye asili ya Kiyao na jina la Robert, hakuna aliyewahi kumuona kituko. Jina linabebeka. Kinachogomba ni siku ya saba, ni jando, ni ubatizo, ni nani atamlipia madrasa. Sheria haikupangii dini ya mtoto, mkifika mahakamani Sheria ya Mtoto ya 2009 inaangalia maslahi bora ya mtoto, basi, kwa hiyo haya mnatakiwa muyamalize mkiwa bado mnapendana na mna akili tulivu.

Halafu mirathi, ambayo hakuna muvi inaigusa. Tanzania Bara tuna njia tatu za kugawa mali ya marehemu: sharia ya Kiislamu, mila zilizoandikwa mwaka 1963, na ile sheria ya India ya 1865 ambayo bado tunaitumia. Mahakama inaangalia marehemu aliishije, alifuata nini, alitaka nini. Mume akiwa Mwislamu wa kweli kweli na mali yake ikagawiwa kwa sharia, mke wake Mkristo harithi, na mke akifa yeye mume harithi kwake, maana tofauti ya dini inazuia kurithiana. Yaani mwanamke ameruhusiwa kuolewa akiwa na dini yake, ameishi miaka 30, amejenga naye, siku ya arobaini anakuta hayumo kwenye hesabu. Watu wanasikia hili kwa mara ya kwanza msibani, wakati mbaya kuliko wote.

Lakini Uislamu huo huo umeacha njia. Asiyerithi anaweza kuachiwa wasia, mpaka theluthi moja ya mali. Na mtu akiwa hai na akili zake anaweza kutoa hiba, yaani zawadi, akakabidhi, kikawa cha mtu tangu siku hiyo, hakiingii tena kwenye mirathi. Na upande wa serikali, kiwanja mlichonunua mkiwa kwenye ndoa mkiandika majina yote mawili sheria inachukulia kila mmoja ana haki sawa, kwa hiyo hati iandikwe wawili, sio "tutaandika baadaye".

Haya sikuyasoma kwanza, niliyaona. Babu yetu mzaa mama alikuwa Mwislamu na bibi alikuwa Muanglikana wa Magila mpaka anaingia kaburini, Jumapili babu alikuwa anamsindikiza mpaka njia panda halafu anarudi shambani. Babu alijua sharia kuliko sisi. Miaka mingi kabla hajafa aliwaita kaka zake wawili na mzee mmoja wa kanisani, akatembea nao shambani akaonyesha kwa mkono, kuanzia ule mwembe mpaka mtoni michungwa yote ni ya mke wangu, nimempa leo, na akamkabidhi. Alipofariki mirathi ikasomwa msikitini kama inavyotakiwa, wajomba na mama zetu wakapata mafungu yao, jina la bibi halikutajwa na wala hakuna aliyeinua sauti, maana wote walijua michungwa ni ya nani.

Watoto wa dada hiyo stori hawakuwa wanaijua. Kila msimu mjomba anatuletea gunia la machungwa kutoka Muheza, wanakula, na siku zote walidhani ni ya shamba la babu.